Nilikuonyesha Moshi

Mwavita,

Salamu tulipeana asubuhi, ukanijibu mdomo umekuvimba, kwa hiyo hatutaanza upya. Kitanda chako nimekitoa. Usijidanganye kwamba kimekwenda kutengenezwa. Nimempa Mama Kapinga, jirani yetu wa ukuta mmoja, na sasa hivi ninapoandika wajukuu zake wanakirukia, nawasikia. Uliponiuliza utalala wapi siku ukirudi, nilikwambia hutalala popote. Ukatoka bila kufunga mlango, ukaenda Katuba kuaga rafiki zako, na jua linashuka hujarudi bado. Vizuri. Nimepata nafasi ya kuandika bila mtu kunichungulia begani.

Barua hii nitaiweka juu ya mkeka utakaolalia leo. Isome kabla ya kulala, kisha usinijie na maneno. Mwandiko wangu unaujua, ni ule wa darasa la akina mama, herufi kubwa kubwa kama zinapigana, na wewe na baba yako mmeucheka vya kutosha.

Habari za kufua, kupika, kuswali kwa wakati, na namna ya kumsalimu mke wa baba mdogo Amisi huko Lukafu uendako, sikuandikii. Hayo nilikufundisha kwa mdomo, mengine kwa mwiko. Ukiyasahau ni shauri lako. Ninachokuandikia ni neno moja tu, lile ulilosema juzi tulipokuwa tunafunga mizigo. Ulikuwa umekaa juu ya gunia la nguo kulizuia lisifungwe, mtu mzima wewe, ukasema: "Mama, uniache nibakie. Mi nitazobelea tu."

Nilikunyamazia, kwa sababu kama ningefungua mdomo ningekupiga. Neno hilo la kuzoea si lako. Nilikupa mimi. Ulilinyonya pamoja na maziwa, na leo nataka unirudishie, na ukikataa nitakunyang'anya.

Ulizaliwa bunduki zikilia mjini, ndiyo sababu ya jina lako. Baba yako alikuwa anakwenda zamu kiwandani akitembea ameinama kando ya kuta, anarudi vilevile. Siku ya arobaini, siku ya kukutoa nje, wanawake wa kambi hii ya wafanyakazi walikuja wamefunga vitenge vyao vya sikukuu, vita au hakuna vita. Desturi yetu unaijua, umeiona kwa watoto wa wengine. Mama awe wa asili ya Maniema kama sisi, awe Mkasai, awe Mluba, mtoto mchanga akitolewa nje kwa mara ya kwanza hubebwa mpaka uwanja wa nyuma, pale shemine ya kiwanda, lile bomba refu, inapoonekana yote kuanzia chini hadi juu. Hapo huinuliwa na kugeuzwa uso uelekee moshi, ili mtoto na moshi wajuane. Hakuna shehe aliyetufundisha hilo, wala padri. Tulilibuni wenyewe hapa kambini, kwa sababu mtu akizaa mtoto mahali kama hapa lazima afanye kitu.

Nilikuinua. Upepo ulikuwa unakuja upande wetu. Ulipiga chafya, ukapiga nyingine, kisha ukalia hadi miguu ikakakamaa. Wanawake wakacheka sana. Mama Kapinga akasema, "Angalia, anapatia moshi bonjour." Nami nilicheka. Nilikuwa msichana tu, sikukuzidi sana wewe wa leo, na nilijivuna kwamba mtoto wangu ana sauti.

Ile chafya haikuisha, Mwavita. Hilo ndilo ambalo hakuna aliyelisema siku ile. Kila kiangazi, upepo ukigeuka na moshi ukishuka chini, sisi wengine tulikuwa tunatema mate na kulalamika kwamba chai imekuwa chungu, tunatazama majani ya sombe, kisamvu chetu, yakitoka madoa meupe, basi, maisha yanaendelea. Wewe ulikuwa unakohoa hadi unashika ukuta. Na mama yako alifanya nini? Mama Kapinga alikuwa anawafungia watoto wake ndani siku za moshi mzito na kuziba dirisha kwa matambara. Mimi nilikukalisha mlangoni. Nilikuwekea kigoda kabisa. Nilisema kifua kinakomaa kwa moshi jinsi kisigino kinavyokomaa kwa kutembea peku, na Mama Kapinga anawalea watoto wake kuwa mayai. Nilisema kwa sauti kubwa ili asikie. Alisikia.

Usidhani naandika haya ili unihurumie. Sikuombi msamaha na sitaki unipe. Nilikuwa nafanya kazi ya mama kama nilivyoijua. Nilikosea, na nataka uone nilikosea wapi hasa, maana naona umeanza kukosea palepale kwa akili yako mwenyewe.

Unakumbuka salongo ya maua? Mkuu wa kambi wa wakati ule alitukusanya Jumamosi, siku ya kazi ya lazima, akasema mkubwa fulani kutoka Kinshasa atapita, na ni aibu barabara ya kambi kuwa tupu na nyekundu kama kidonda. Kweli ilikuwa tupu. Pale hapaoti kitu zaidi ya majani membamba yanayokaa mafungu mafungu, kwa sababu vumbi la kiwanda limeshuka miaka na miaka na udongo umejaa shaba. Wakaleta miche kutoka bustani za mjini, mizuri, ina maua mekundu na ya njano. Tukaipanda tukiimba, tukaimwagilia tukiimba. Kabla ya wiki kwisha majani yalikuwa ya njano, kisha yakaanguka, tukabaki na safu ya vijiti. Mkubwa mwenyewe hakupita.

Mvua iliponyesha, katika mashimo yaleyale tuliyochimba, ukatoka mmea ambao hakuna aliyeupanda. Mfupi, una vichwa vidogo vya zambarau, ukiusugua mkononi unanukia. Wazee waliofanya kazi ya kutafuta madini porini waliutambua mara moja: ni ua la shaba. Walisema zamani walikuwa wakiliona limetapakaa mlimani, wanajua chini pana shaba, wanachimba. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Nilikushika mkono nikakupeleka pale barabarani, ukiwa unakohoa, nikakwambia, tazama, hili ni dogo kuliko wewe, limekuja kwenye udongo mbaya na moshi mbaya, limezoea, na halilalamiki. Uliinama ukalitazama kwa muda. Siku ile ndipo ulipoacha kulalamika, na mimi nilikwenda kulala nikijisifu.

Halafu ukaenda sekondari, ukakutana na Mwalimu Kabeya. Jioni moja tunakula bukari, ugali wetu, ukaniambia, bila ubaya wowote, kwamba mwalimu wa mimea amesema ua la shaba halikuzoea. Nilikuuliza limefanya nini basi. Ukaanza kueleza, ukachanganyikiwa, ukasema ni habari ya mimea inayokufa na ile inayobaki. Nilikwambia mwalimu wako ni mpumbavu na umalize mboga. Lakini sikulala vizuri. Nilimchukia yule Mkasai kabla sijamwona, na nilipomwona nilimchukia zaidi, kwa sababu alikuwa mpole na alinipa kiti.

Ile mikebe ya maziwa niliyopanga nyuma ya nyumba, ambayo ulifikiri ni ya kuuza mboga, ilikuwa vita yangu na Mwalimu Kabeya. Nilijaza udongo wa kichuguu, ule mzuri ambao kila mtu hapa anapanda mboga zake, nikatia mbegu za lengalenga, mchicha wetu. Zilipochipuka, nikaanza kuzizoesha. Leo kijiko cha udongo wa barabarani, kesho kutwa kingine, baadaye konzi nzima. Pole pole, kwa huruma, jinsi nilivyokuzoesha wewe. Nilitaka nimpelekee mkebe uliojaa lengalenga nono iliyoota kwenye udongo wa shaba, nimwambie, haya, Mwalimu, soma hapa.

Zikawa za njano pembeni. Nikasema zinajifunza. Zikadumaa. Nikasema zinakomaa. Moja baada ya nyingine zikalala, na nilipozing'oa mizizi yake ilikuwa mifupi, myeusi, kama imepita motoni. Katika mikebe yote ulibaki mche mmoja. Ulikuwa mbaya, mfupi, mwekundu mwekundu, lakini ulisimama. Hukuniona nilivyouchukua. Niliupakata ndani ya basi hadi Katuba, watu wananitazama, nikamwekea mwalimu mezani.

Aliutazama kwa heshima, hilo siwezi kulikataa. Kisha akaniambia: "Mama Mwavita, hiyi haikujifunza kitu. Ilizaliwaka vile. Zenye hazikuzaliwa vile zilikufa, na wewe njo uliziuwa. Kila mara unaona maua kule barabarani, unaona watoto ya ile yenye haikukufa. Yenye ilikufa, nani anazionaka?"

Alieleza mengine, taratibu, kwa sababu aliona nimekasirika. Alisema mbegu za mche ule mmoja zitarithi mwili wake, si zote, nyingi kidogo, na zitakazosimama nazo zitazaa, na vizazi vikipita, vingi kuliko watu wanavyoweza kukumbuka, unakuta mlima mzima umejaa aina ambayo udongo ule hauiui. Mtu akifika siku hiyo anaona maua mazuri, anasema mmea huu umezoea. Hajui kwamba amesimama juu ya makaburi. Hilo la makaburi ni langu, yeye hakulisema. Yeye alisema tu kwamba hakuna mche hata mmoja uliowahi kuzoea, uliobadilika ni ukoo.

Niliondoka bila kuaga. Nilirudi kwa miguu kutoka Katuba, mkebe mkononi, na njiani niliutupa mferejini. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, hata kwa baba yako. Kwa sababu nilikuwa nimeelewa, Mwavita. Nilikuwa na swali moja kichwani na sikumuuliza mwalimu: kati ya miche ile, mwanangu ni upi?

Jibu nilikuwa nalo tangu siku ya arobaini yako. Lakini kujua na kukubali ni safari mbili. Nilikiondoa kile kigoda mlangoni, nikaanza kuziba dirisha, nikidhani nimefanya kazi. Mama Kapinga aliona matambara dirishani kwangu na hakunicheka, jambo ambalo lilinichoma kuliko kama angecheka.

Ikaja kiangazi kilichopita. Hukumbuki kila kitu, nitakukumbusha. Ulianguka kwenye bomba la maji, ndoo ikakumwagikia, na wanawake walikuleta nyumbani umelowa wakidhani umeteleza. Midomo yako ilikuwa ya kijivu. Kila pumzi ilikuwa kama mtu anavuta gunia lililonasa mlangoni. Hospitalini wakakuwekea hewa ya chupa, nikakaa kwenye sakafu karibu na kichwa chako, na nilikuwa namwambia Mungu maneno ambayo si ya dua, nilikuwa namtisha. Baada ya saa nyingi ulifungua macho. Ulisogeza ule mpira wa usoni, ukaniona ninalia, ukanipa moyo. Ulisema, "Usilie, Mama. Nitazobelea."

Hapo ndipo nilipoanza kukuchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Si wewe wote, ni ile sehemu yako iliyonitii. Tangu siku ile nimekuwa mkali kwako, na umemuuliza baba yako nimepatwa na nini. Nimepatwa na hilo.

Baba yako naye tulipigana, si kwa mikono. Nilimwambia mtoto hawezi kukaa hapa kiangazi kingine. Alisema lile nililojua atasema: "Moshi ya kampuni njo inatulisha. Mutoto wa kambi hawezi kukimbia moshi." Akanikumbusha nyumba ni ya kampuni, unga ni wa kampuni, hospitali iliyokuokoa ni ya kampuni. Akajipiga kifua, kweli alijipiga, akasema yeye alizaliwa hapa, baba yake alifanya kazi kwenye tanuru, na yeye yuko kwenye tanuru, na hajawahi kukohoa. Ni kweli. Kifua cha baba yako ni cha ajabu. Mtu anaweza kukipiga nyundo.

Na mimi, badala ya kupiga kelele kama siku zote, nilimuuliza kwa sauti ndogo, "Baba Mwavita, bandugu yako bengine beko wapi?"

Bibi yako mzaa baba alizaa sana katika kambi hii. Wewe unawajua wawili tu, baba yako na baba mdogo Amisi. Hukuwahi kuuliza, kwa sababu hakuna anayetaja. Wengine wako makaburini, walikwenda wangali wadogo, kiangazi hiki mmoja, kiangazi kile mwingine, na bibi yako alikuwa akisema Mungu amewapenda zaidi. Na Amisi, unajua kwa nini Amisi ni mtu wa Lukafu? Si kwa kupenda kulima. Alipelekwa kwa wajomba akiwa mdogo kwa sababu ya kikohozi. Leo mtazame anavyopandisha magunia ya mahindi kwenye lori peke yake, huku anapiga mluzi.

 Baba yako alivaa viatu vyake vya kazi, akaenda zamu kabla ya saa yake. Zilipita siku kadhaa. Kisha nikasikia kwa dereva mmoja, si kwake, kwamba ametuma neno Lukafu, kwamba lori la Amisi likileta mahindi mjini lisirudi tupu. Ndivyo safari yako ilivyoamuliwa. Ulidhani ni mimi peke yangu ninayekufukuza.

Sasa, watasema. Wameshaanza kusema. Kwamba msichana wa kambi amekimbia moshi, kwamba ni dhaifu, kwamba wenzake wamebaki. Nikimkuta anayesema hivyo kwenye bomba la maji nitamwonyesha udhaifu. Lengalenga iliyokufa kwenye mkebe wangu haikuwa dhaifu. Mbegu zilezile nilizitia juu ya kichuguu na zikafika kiunoni, tukazila hadi tukachoka. Ilikuwa lengalenga nzima, yenye akili timamu, iliyowekwa na mwanamke mbishi mahali pasipo pake.

Umeniambia nije na wewe. Umeniambia mara nyingi, na hilo nalo linanitia hasira, kwa sababu unalisema ukijua nitalitamani. Basi nikueleze jambo la kuchekesha. Baba mdogo Amisi aliwahi kuniletea gunia la udongo mweusi wa Lukafu, mafuta matupu. Nilitaka kulizawadia ua la shaba. Nilisema maskini limeteseka barabarani, nalo lionje raha. Nikaling'oa changa na mizizi yake, nikalipanda kwenye ule udongo. Likasimama kidogo, kisha shingo ikalainika pale linapotokea ardhini, ukungu mweupe ukalishika, likaoza. Nilimpeleka Mwalimu Kabeya habari hizo, nikitaka kumkomoa kwa mara nyingine. Akasema hata hilo linaeleweka: shaba inayoua mimea mingine ndiyo inayoua na ule ukungu, na ukoo wa ua hili umeishi mbali na ukungu hadi umesahau kujikinga. Udongo mzuri kwake ni ugonjwa.

Nikamwambia basi mimi ndilo ua lile. Nilipokwenda Lukafu kwenye harusi ya Amisi niliugua, nikagombana na kila mtu, kule hewa ni tamu mno na watu wanakuuliza umeamkaje na wanangoja jibu. Nilisema nikijua nimemshinda. Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema: "Hapana, Mama. Maua haina miguu. Mutu ye iko na miguu. Kama anabakia, njo anapenda kubakia."

Kwa hiyo sina ua la kujifichia nyuma yake. Ningeweza kuja. Sitaki. Baba yako hataondoka, na bila kugombana na baba yako sijui siku inaanzia wapi. Kifua changu hakinidai kitu. Nimechagua, nami ni mtu mzima, usinihurumie na usinibembeleze.

Lakini wewe miguu yako uitumie. Na Lukafu usiende ukidhani ni peponi. Kule nako kuna mambo yanayoua watu pole pole, na kuna wanawake watakaokuwekea kigoda mlangoni. Utaolewa labda. Mtu atakukosea leo kidogo, kesho kidogo zaidi, kijiko kwa kijiko, na mama mkwe atakwambia utazoea, sisi wote tulizoea. Usibishane naye. Muulize tu wale ambao hawakuzoea wako wapi. Akinyamaza, funga mzigo.

Najua unachofikiri sasa, maana nimekuzaa. Unafikiri, nitakwenda, kisha nitarudi wakati wa mvua, moshi unapokuwa mbali, nimwone Mama wiki moja. Hapana. Utakuja wiki moja, utapika, utafua nguo za baba yako, utaniona nimekonda kidogo, utasema acha nimalizie mwezi. Kiangazi kitakukuta hapa. Sitaki unitembelee. Kama kuna wa kutembea, nitakuja mimi, niugue kwenye hewa yenu tamu, nigombane na mke wa Amisi, nirudi. Na ukisikia nimekufa, niombee dua hukohuko. Dua haipandi lori.

Ndiyo sababu ya kitanda. Unamjua mama yako, hasira zake zinapoa. Kitanda kingebaki pale, siku moja ningekitandika. Ningekuandikia nimetandika. Na ungekuja.

Hukuuliza nani alikitoa. Mimi peke yangu ningekiwezaje, chuma kile? Baba yako alirudi zamu alfajiri, hakulala, akachukua spana yake ya kazi akakifungua kipande kwa kipande, akakibeba kwa Mama Kapinga begani, safari baada ya safari.  Aliporudi mara ya mwisho alikaa chini pale kilipokuwa kitanda, kwenye sakafu yenye alama nne za miguu yake, nikamletea chai hakuinywa.

Kesho asubuhi Amisi atakuja na lori. Mbele kumejaa, utakaa nyuma juu ya magunia matupu pamoja na wengine. Lori likitoka kambini linapita barabara ya salongo, halafu linapinda, na pale kwenye kona shemine inaonekana yote, kuanzia chini hadi juu. Kila anayeondoka hapa hugeuka pale. Nimewaona miaka yote, hata madereva.

Wewe usigeuke. Nilikugeuza uso mara moja kuelekea kule, kwa mikono yangu hii, nikacheka. Imetosha. Kaa ukitazama unakokwenda, na mtoto wako, siku ya kumtoa nje, mgeuze uso popote unapotaka.

Na hata kama kusingekuwa na moshi, usigeuke. Nitakuwa nimesimama kwenye kona ile, na wiki hizi zote nimefanya kazi kubwa ili usinione ninavyolia.

Mama yako,
Zaina